Mambo ya Nyumbani: Kuwaketisha Wageni wa Arusi kwa Gharama Ndogo

Arusi ikisha kutangazwa mtaani, wanawake huanza kuhesabu mchele na nazi, na wanaume huanza kuhesabu mahari na nauli. Lakini swali la mahali watakapoketi wageni mara nyingi huachwa mpaka juma lenyewe la arusi. Hapo mwenye arusi hushikwa na hofu, akaenda mbio kwa mwenye kukodisha mahema, akachukua kila aambiwacho, na akisha kurudi nyumbani hukuta ameahidi fedha ambazo hana. Watu wengi hudhani kwamba deni la arusi hutoka katika chungu cha pilau. Wakati mwingine ni kweli. Lakini mara nyingine hutoka katika viti, na hasa katika vitu vinavyofuatana na viti.

Jambo hili lawahusu sana watu wa Mtopanga. Mtaa huo uko katika Kisauni, upande wa bara ya kaskazini ya Mombasa, na ndani yake hukaa Waswahili, Wamijikenda, na watu waliotoka bara kwa ajili ya kazi. Arusi nyingi za hapo hufanywa uani, au katika kiwanja kilicho baina ya nyumba na nyumba, kwa kuwa ukumbi wa kukodi ni ghali. Wageni wengine hutoka Kisiwani, wakapita Daraja la Nyali. Wengine hutoka Kaloleni, Mariakani au Kilifi. Wote hao wakifika hutazama jambo moja kabla ya kutazama mapambo: je, kuna mtu aliyewafikiria?

Yafaa ikumbukwe kwamba heshima ya mgeni katika pwani hii haikuanza na kiti cha kukodi. Katika nyumba za mawe za zamani za Lamu na Mombasa kulikuwa na kiti cha enzi, kiti kikubwa cha mti mweusi kilichotiwa nakshi ya pembe za ndovu na kusukwa kamba mgongoni na mahali pa kukalia. Nyumba haikuwa na viti kama hivyo mia. Mwenye nacho alikuwa na kimoja au viwili tu, na akaketishwa hapo yule aliyestahili kuheshimiwa siku ile. Waliobaki waliketi juu ya baraza za mawe, au juu ya mikeka na mabusati, wala hawakujiona wamedharauliwa, kwani kila mtu aliijua sababu. Heshima ilikuwa katika kujua nani aketi wapi. Siku hizi watu wamegeuza jambo hilo: viti huwa mia mbili vilivyo sawasawa, vyote vimevishwa nguo nyeupe, na mzee wa ukoo husimama kando ya ukuta kwa sababu vijana wamewahi kukaa.

Hilo la mzee kusimama si dogo. Hutokea kwamba mjomba wa bibi arusi, ndugu wa mama yake, hutoka shamba alfajiri, akafika akiwa na bahasha yake mfukoni. Akikuta safu zote zimejaa, naye hakuna amwitaye, hatalalamika. Atasimama, atatoa alichokuja nacho, atakula kidogo, kisha ataaga mapema akisema gari litamwacha. Mwenye arusi hatajua lolote mpaka siku ya msiba au ya shauri la ukoo, ambapo mjomba hataonekana. Mapambo ya siku moja hayawezi kulipa hasara ya namna hiyo.

Basi mwenye kupanga na aanze kwa kalamu na daftari. Iwe mfano, karani mmoja wa Mtopanga, mtu wa mshahara wa mwezi, anamwoza binti yake, na wageni wake ni 200. Bei hupanda na kushuka, na kila mtu yampasa aulize za mtaani kwake. Hizi zifuatazo ni za kuonyesha hesabu tu. Akikodi viti 200 kwa shilingi 20 kila kimoja, atalipa shilingi 4,000. Akikodi mahema manne kwa shilingi 5,000 kila moja, atalipa 20,000. Akivalisha viti vyote nguo na utepe kwa shilingi 50 kila kiti, atalipa 10,000. Jumla ni shilingi 34,000, na mgeni hajapewa hata maji ya kunywa.

Hesabu hiyo itazamwe vizuri. Viti vyenyewe ni sehemu ndogo; fedha nyingi imekwenda katika kivuli na katika nguo za viti. Mwenye kutaka kupunguza gharama kwa kuwanyima wageni mahali pa kukaa amepunguza mahali pasipofaa. Nguo za viti zaweza kuachwa zote, wala hakuna mgeni atakayelala na njaa kwa hilo. Kivuli chaweza kupatikana kwa njia nyingine. Tena viti vyaweza kuchanganywa na mabenchi na mikeka, kila kitu kikapewa watu wanaokifaa.

Karani yule akiishika njia hii, hesabu itakuwa hivi. Atakodi viti 80 kwa shilingi 1,600. Ataazima mabenchi 10 ya skuli, ya kanisa au ya madrasa, kila moja la watu watano, akapata nafasi ya watu 50. Na mkokoteni wa kuyaleta na kuyarudisha uwe shilingi 1,000. Watu 70 waliobaki wataketi juu ya mikeka na majamvi ya jamaa na majirani. Hema atakodi moja tu kwa shilingi 5,000, kwa ajili ya wazee na wasiojiweza. Jumla ni shilingi 7,600. Wageni ni wale wale 200, wote wameketi, na katika daftari yamebaki shilingi 26,400. Fedha hiyo yaweza kumnunulia bibi arusi vyombo vya nyumba yake, au ikabaki benki kwa karo ya mdogo wake.

Wapo watakaosema kwamba mkeka ni wa watu maskini. Maneno hayo hayana msingi. Waswahili husema, usiache mbachao kwa msala upitao; na mbachao ni mkeka wa zamani ambao mtu anao mwenyewe. Mkeka wa ukindu uliosukwa vizuri na kutiwa rangi ni pambo lenyewe, na jamvi la miyaa huvumilia miguu ya watu wengi. Tena mkeka una faida ambayo kiti hakina. Watu wanne au watano wakiketi mkekani, sinia moja ya pilau yawatosha, na mkeka huwa kiti na meza pamoja. Wakiketi vitini, kila mmoja ataka sahani yake, na wengine watataka meza. Kwa hiyo mwenye kukodi viti mia mbili hulazimika kutafuta na sahani mia mbili, na watu wa kuziosha. Na mwenye kununua majamvi mawili matatu kwa akina mama wasukaji atabaki nayo baada ya arusi, yatumike katika maulidi, matanga na arusi nyingine, hali kodi ya kiti hulipwa mara moja ikapotea.

Lakini mkeka haumfai kila mtu. Mzee mwenye magoti mabovu akiketishwa chini, kuinuka kwake kutakuwa aibu mbele za watu. Mwanamke mwenye mimba kubwa, mtu mwenye kutembea kwa fimbo na mtu aliyetoka hospitali siku zilizopita, hao ndio wenyewe wa viti, nao wapewe kabla ya mtu mwingine. Wanawake wengi wa pwani hupenda mkeka wakiwa peke yao, kwani hukaa karibu karibu, wakaimba na kupiga makofi. Katika arusi ya Kiislamu, ambapo wanaume na wanawake huketi mbali mbali, kamba moja na mashuka kadhaa yaliyofuliwa yatosha kutenga uwanja. Wala haifai upande wa wanawake upewe mabaki ya kivuli, kwa kuwa wao ndio wakaao saa nyingi zaidi.

Mabenchi yasipopatikana ya kuazima, yaweza kutengenezwa kwa siku moja. Achukue mbao nene za futi nane kwa fundi anayejenga jirani, na mawe ya kuchonga ambayo hayajajengewa. Kila ubao uwekewe mawe pande mbili na katikati, kimo cha futi moja na nusu kutoka chini. Kisha wanaume wawili wenye miili mikubwa waketi katikati na kujitikisa. Ubao ukilia, ubadilishwe. Juu yake litandikwe jamvi au leso kuukuu, ili vibanzi visichane nguo za watu. Ubao kama huo huchukua watu watano bila kusongana, na nauli ya mkokoteni ndiyo gharama yake.

Sasa kuhusu kivuli. Wengi hukosea kwa kuwa hupanga viti asubuhi. Saa tatu ya asubuhi kivuli cha mwembe huanguka upande wa magharibi, na vijana hupanga viti hapo wakafurahi. Ikifika saa tisa, wageni wakianza kujaa, kivuli kimekwisha hamia mashariki, na safu zote ziko juani. Kwa arusi ya alasiri, viti vipangwe mashariki mwa mti au mwa nyumba, hata kama asubuhi mahali hapo panawaka. Yapata saa tisa u nusu kivuli cha mti huwa karibu sawa na urefu wake, kisha huzidi kurefuka. Aliye na shaka na asimamishe fimbo mahali hapo siku iliyotangulia, saa ile ile ya arusi, akatazame.

Kuna na habari ya adhuhuri. Mombasa iko kusini mwa ikweta kwa digrii nne hivi, kwa hiyo toka mwanzo wa Oktoba hadi mwanzo wa Machi jua la adhuhuri hupita upande wa kusini kidogo, na miezi mingine hupita upande wa kaskazini. Mwenye arusi ya Desemba hupata kivuli kidogo cha ukuta upande wa kaskazini, na mwenye arusi ya Agosti hukipata upande wa kusini. Pia wageni wasielekezwe magharibi wakati wa alasiri, wakakaza macho kama watu watazamao moto.

Mti nao uchunguzwe. Chini ya mnazi asiketishwe mtu, kwani nazi na kuti kavu havichagui mgeni. Mwembe ni bora, lakini siku moja kabla ya arusi atafutwe kijana apande kutazama kama kuna viota vya maji ya moto, wale chungu wekundu waumao. Wakiwapo juu, wataanguka shingoni mwa wageni, na hotuba zote zitakatika.

Upepo pia una kazi yake. Wakati wa kusi upepo hutoka kusini, na moto wa kupikia ukiwekwa upande huo moshi wote huwajia wageni, uwekwe kaskazini. Wakati wa kaskazi, toka Desemba hadi Machi, mambo hugeuka, na jiko lifae kuwekwa upande wa kusini na magharibi. Hema likihitajiwa, mahali patazamwe kwanza. Nchi ya huko chini yake ni mwamba wa matumbawe, ule ule ambao kwa ajili yake kiwanda cha saruji cha Bamburi, jirani ya Mtopanga, kilianza kutoa saruji mwaka 1954. Palipo na udongo mchache, vigingi haviingii vizuri, na hema lililofungwa kwa vigingi vilegevu huinuka kwa upepo mmoja. Magunia yaliyojazwa mchanga, yakafungwa katika kila kamba, hushika vizuri zaidi. Palipo na mchanga mwororo, miguu ya viti vya plastiki huzama na kupinda. Pachaguliwe pagumu au pamwagiwe maji na kushindiliwa tangu jana yake.

Mpango wa mahali pa kila mtu wafaa uchorwe katika karatasi. Safu ndefu zilizonyoka kama za darasani haziwafai wenye arusi wa uani. Ni afadhali nusu duara. Watoto waketi mkekani mbele kabisa, ambako hawamzuii mtu kuona. Nyuma yao yawe mabenchi, na nyuma ya mabenchi viti vya wageni wengine. Wazee wa pande zote mbili wawekwe kulia na kushoto ya maarusi, vitini, chini ya hema, wakiwaona watu wote na kuonwa nao. Kila kiti kipimiwe futi mbili kwa upana na futi tatu kwenda mbele, ili magoti yapate nafasi. Kwa hiyo viti 80 vyataka uwanja wa futi 480 za mraba, bila kuhesabu njia. Njia yenyewe iachwe pana ya kupita watu wawili wenye sinia. Wala uchochoro wa mtaa usizibwe kabisa, kwani mgonjwa wa jirani hangoji arusi iishe, na mwuza maji mwenye mkokoteni ana wateja wake.

Baada ya kupanga viti, lililo kubwa ni wapokezi. Wachaguliwe wanne, wawili wa upande wa mume na wawili wa upande wa mke, watu wazima kidogo wanaozijua nyuso za ukoo. Kazi ya wapokezi isichanganywe na kazi ya kugawa soda. Mbele yao iwe orodha ya watu ambao hawawezi kuachwa wasimame: wajomba, mashangazi, mababu na mabibi, walimu wa dini, na wakwe wanaotoka mbali. Viti vyao vifungiwe leso mpaka wafike, kwani magari ya kutoka Kisiwani yaweza kuchelewa, na mkwe aliyechelewa kwa ajili ya magari hastahili kuadhibiwa kwa kusimama. Mpokezi akimwona mjomba mlangoni, amwendee yeye kwanza: "Shikamoo, mjomba. Karibu, mahali pako pako tayari. Mama amesema usikae mbali na binti yako." Maneno hayo hayana kodi, nayo humkalisha mtu vizuri kuliko mto wa pamba.

Viti vitano viachwe vitupu kando kwa watu wasiotazamiwa. Chifu aweza kupita, au mwakilishi wa wadi akaja na wenziwe watatu. Wasipotengewa, atainuliwa bibi kizee ili wao wapate kukaa, na watu wataizungumza habari hiyo kuliko arusi yenyewe.

Siku ya arusi ichaguliwe kwa kukumbuka hayo yote. Mvua ya masika huwa kubwa zaidi Aprili na Mei, na ya vuli huja Oktoba na Novemba. Mwenye kuoza katika miezi hiyo na aombe mapema baraza ya jirani, au chumba cha skuli, pawe pa kukimbilia. Desemba ni mwezi wa arusi nyingi, na Waislamu nao huoza sana kabla ya Ramadhani na katika Mfunguo Mosi. Wakati huo viti ni haba na wenye kukodisha hupandisha bei. Basi viti viagizwe mapema, na hati ya malipo ichukuliwe. Kwa upande mwingine, mabenchi ya skuli hupatikana kwa urahisi wakati wa likizo, mradi mwalimu mkuu aombwe kwa heshima na kwa barua.

Mwisho ni kurudisha. Kila kilichoazimwa kiandikwe katika daftari: jina la mwenyewe, idadi, na hali yake. Mikeka ifungiwe uzi wa rangi ili ya nyumba hii isiende nyumba ile. Viti vya kukodi vihesabiwe vikija na vikiondoka, mbele ya mwenyewe, na kilicholika mguu kabla ya arusi kionyeshwe mapema, kisije kulipwa na asiyekivunja. Kesho yake asubuhi mikeka ikung'utwe na kupanguswa, ile yenye mchuzi isafishwe kwa maji kidogo na kuanikwa kivulini, kisha irudishwe mikononi mwa wenyewe pamoja na sahani ya chakula kilichobaki. Mtu aliyerudishiwa mkeka wake safi ataazima tena, na akiwa na binti wa kuoza atajua mlango wa kubisha.

Ndoa ya Kiislamu huthibitika kwa walii, mashahidi wawili, maneno ya kuoza na kupokea, na mahari. Na Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 yatambua ndoa za Kikristo, za serikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu. Hakuna hata moja katika hizo inayovunjika kwa kukosa nguo nyeupe za viti. Wazee wamesema, mtu hujikuna ajipatapo. Mwenye arusi na awahesabu watu wake, aazime kwa adabu, awaketishe wazee kwanza, na arudishe vya watu. Mwisho wa mwezi mshahara wake utakapotoka, utaingia nyumbani kwake wote.